Bakuli Lililokataa Kujazwa

Tangu nirudi, kila Ijumaa mkikutana kwangu baada ya maombi mnaniuliza swali lile lile: Mwende, huko Uingereza kulikuwaje? Nami nawajibu vipande vipande, chai inachemka, simu inalia, na kila mmoja anakwenda kwake na kipande chake. Sasa Mama Neema anatangaza kwamba niliibiwa mayai, Achieng anasema nilifukuzwa mlangoni mwa watu, na mchungaji amesikia kwamba nilikwenda kuposwa. Nimechoka. Nimekaa chini nikaandika yote, kituo kwa kituo. Habari za viza na tiketi nimeziruka, maana hakuna kati yenu asiyezijua, wala aliyewahi kuzifurahia.

Kama karatasi hizi zitamfikia asiyenijua, mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tala kule Machakos, mkazi wa Blacktown hapa Sydney, na kazi yangu iko Quakers Hill katika makao ya wazee. Tala ni mji wa soko. Utotoni siku ya soko niliamshwa na mbuzi kabla ya jogoo. Kwa hiyo mtu akinisimulia habari za soko, popote duniani, mimi sijioni mgeni hata kidogo. Likumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Quakers Hill: nakabidhiwa bakuli

Mama Edna ana miaka themanini na tisa na chumba chake ni cha mwisho kwenye korido. Moyo wake umechoka. Daktari alishamwambia, naye akamjibu kwamba hata yeye angechoka kama angepiga kazi muda wote huo bila likizo. Alizaliwa Ottersby, kamji ka soko katikati ya Uingereza. Nikimpima presha ananieleza soko la Alhamisi, nikimbadilishia soksi ananieleza banda la mawe ambako mama yake aliuza pai za nyama.

Kibanda kile cha pai kilikuwa kirithiwe na Edna, mtoto mkubwa. Lakini Edna akampenda kijana aliyekuwa anahamia Australia, akafunga mizigo. Mdogo wake, Hilda, aliyekuwa na ndoto ya kuwa mwalimu, ndiye aliyebaki nyuma ya meza ya pai. Na siku ya kuondoka Edna alichukua bakuli kubwa kuliko yote pale kibandani, bila kuomba. Mama yao alipokufa hakwenda kuzika. Hilda akamwandikia barua moja, fupi, kisha akanyamaza. Edna aliandika mara nyingi. Hakujibiwa.

Aliposikia nakwenda Leicester, karibu na kwao, kumwona binamu yangu Kioko, aliniamuru nifungue kabati lake. Chini kabisa, ndani ya taulo, lilikuwamo bakuli la udongo, kahawia kwa nje na jeupe kwa ndani, zito, na chini yake zimekwaruzwa herufi mbili za jina la mama yao.

"Mpelekee Hilda," akasema. "Likiwa tupu. Usitie kitu ndani, hata punje. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama Edna."

"Rudia."

"Mpe Hilda. Tupu. Hata punje."

"Naogopa nitakufa hajanisemesha," akasema, na akageukia dirishani. Katika miaka minne ya kumhudumia sikuwahi kumsikia akikiri kwamba anaogopa kitu. Nilimshika mkono nikamwambia litafika, na nililisema hilo kwa uhakika wote nilio nao.

Lakini kuhusu kulipeleka tupu, jamani, nyinyi mnaijua ile "nimesikia" yangu. Nani kati yetu ameambiwa na mzee "mwanangu, usijisumbue kuniletea kitu" akaenda mikono mitupu kweli? Mzee anasema hivyo kwa adabu, nawe kwa adabu unakaidi. Na sahani ya mtu, kwetu, hairudi kavu. Jirani akikuletea githeri unarudisha bakuli lina ndizi, au unga, au hata viazi viwili, ili njia kati yenu isiote nyasi. Mama yangu angenichapa.

Mama Neema, Mkongomani wetu, mnamjua. Aliliona bakuli mezani kwangu akashika kiuno.

"Utafika kwa ule mama na sahani bure? Aa, non! Batu batasema sisi Wafrika hatuna adabu."

"Mwenyewe amesema nisitie kitu."

"Iko anasema tu. Ni politesse. Lete hapa."

Jioni ile ile alikaanga mikate ya mafuta, ile ya duara, akalijaza bakuli mpaka juu, akafunga kwa kitambaa. Nikapanda treni Blacktown na mizigo miwili na bakuli limepakatwa kama mtoto.

Singapore: mikate ya Mama Neema

Ndege ya pili ilikataa kuondoka. Walitwambia saa moja, kisha mbili, kisha wakaacha kutwambia. Walitugawia karatasi za kulia chakula kwenye mgahawa, tukaenda kundi zima kuukuta mgahawa umefungwa.

Jirani yangu kwenye viti alikuwa mzee wa Kipunjabi mwenye kilemba cha rangi ya zambarau, anakwenda Birmingham kumwona mjukuu. Tukaulizana tunakotoka. Kumbe anakaa Quakers Hill, mitaa mitatu tu kutoka kazini kwangu! Tumepishana kituoni miaka yote hiyo na ikabidi tufike Singapore ndipo tusalimiane. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na alikuwa ameanza kutetemeka mikono. Mimi ni muuguzi. Nilifungua kitambaa.

Alikula mikate miwili, rangi ikamrudia. Halafu mkewe akala. Halafu watoto wa viti vya nyuma wakaja kusimama mbele yangu bila kusema neno, na watoto wa namna hiyo mnawajua. Ndege ilipoitwa bakuli lilikuwa na mafuta tu. Nikalifuta kwa tishu nikajiambia si kitu, London kuna maduka.

London hadi Leicester: ng'ombe relini

Nilinunua tende na biskuti za siagi stesheni, za kulijaza bakuli vizuri kabisa, nikapanda treni ya kwenda Leicester. Tulikwenda kama nusu saa. Treni ikasimama katikati ya mashamba. Sauti ikatangaza kwa heshima kubwa kwamba kuna ng'ombe kwenye reli na kwamba wataalamu wameitwa.

Wataalamu! Nilitaka kushuka mwenyewe nikate fimbo. Behewa zima lilikaa kimya, kila mtu akitazama simu yake. Saa ya kwanza ikaisha hivyo, hakuna aliyemwambia mwenzake hata "ona maajabu haya". Nikadhani wamekasirika. Baadaye Kioko alinieleza kwamba ule ndio utulivu wao wa kawaida.

Katika saa ya pili mtoto mchanga alianza kulia, dada yake akaungana naye, na mama yao akasema kwa sauti ya kuvunjika kwamba hakubeba kitu, safari ilikuwa fupi. Nikafungua kitambaa changu. Nilimpa yule mama, na kwa kuwa huwezi kula mbele ya watu wanaokutazama, nikalipitisha bakuli behewa zima. Hapo ndipo ndimi zilipofunguka. Mwanamume mwenye tai aliniambia habari za goti lake. Wanawake wawili waligundua kwamba walisoma shule moja. Ng'ombe alipoondoka watu walipiga makofi, na bakuli likarudi kwangu lina kokwa za tende.

Mara mbili sasa. Mtu mwenye masikio angesikia. Mimi niliona tu kwamba nahitaji kununua kitu kisicholiwa njiani.

Ottersby: bado kengele

Soko ni Alhamisi, kwa hiyo Alhamisi asubuhi Kioko alinipakia basi la kwanza. Ottersby uko juu ya kilima kidogo, na barabara zote zinapanda kuelekea uwanja mmoja. Nilishuka nikacheka peke yangu. Ilikuwa Tala! Tala ya mawe, ya baridi, lakini Tala. Njia pana kupita kiasi, kwa kuwa zilipimwa kwa makundi ya kondoo. Moja inaitwa Mtaa wa Kondoo mpaka leo, ingawa kondoo wa mwisho alipita humo zamani. Nyumba zina malango makubwa ya upinde ambayo magari ya farasi yaliingilia, na ndani yake sasa kuna kinyozi wa Kituruki na duka la Wapolandi. Mnada wa ng'ombe umekuwa maegesho ya supamaketi. Na katikati, juu ya nguzo nane za mawe, limesimama paa lile alilonisimulia Mama Edna, ambalo wake wa wakulima walikaa chini yake na siagi na mayai ili jua lisiwaharibie. Vibanda vilikuwa kumi hivi, nao wenyeji wanasema zamani uwanja haukuonekana sakafu.

Nilikwenda kwa mama mmoja mnene, mwenye glavu zisizo na vidole, anauza mayai na jibini. Jina lake Maureen. Nikamwonyesha mayai ninayoyataka.

"Bado kengele, bata wangu," akasema.

Kule mtu akikupenda anakuita bata. Sikukasirika. Lakini nilikuwa na haraka, nikamwambia mayai yako hapa, mimi niko hapa, tunangoja nini?

"Kengele."

Kumbe tangu enzi za mfalme aliyewapa hati ya soko hakuna mtu Ottersby anayeruhusiwa kuuza hata yai moja kabla ya kengele, ili anayeamka mapema asimpunje anayetoka mbali. Maureen alinieleza hayo huku tukingoja. Alinieleza pia kwamba mfalme aliyatawanya masoko kwa umbali ambao mtu anaweza kwenda, kuuza na kurudi kwake mchana huo huo, na kwamba mji wa bonde la pili waliwahi kujaribu kufungua soko lao Alhamisi na hawajasamehewa. Anayewasimanga hivyo ni mwanamke wa leo mwenye mashine ya kadi mkononi. Niliupenda mji huo palepale. Mji unaojua unachotaka.

Kengele ililia, kubwa, mara moja tu. Nikanunua mayai kumi na mawili na kipande cha jibini, nikavipanga ndani ya bakuli juu ya majani makavu aliyonipa. Nilipofunika, Maureen aliniuliza hilo bakuli nalipeleka wapi. Nikasema kwa Hilda wa Mtaa wa Kondoo. Alitaka kusema kitu, lakini wateja walikuwa wanamsukuma, nami nilikuwa nimeshageuka.

Mtaa wa Kondoo: Alhamisi

Hilda alifungua mwenyewe. Mwembamba, aproni safi, macho yale yale ya Mama Edna.

"Natoka Sydney," nikamwambia. "Nimetumwa na dada yako."

Nikalitoa bakuli kwa mikono miwili. Alilipokea, na kabla ya kitu chochote vidole vyake vilikwenda chini yake kutafuta zile herufi. Vikazipata. Midomo ikaanza kumcheza. Niliwaza, Mwende, umefanya kazi ya Mungu leo.

Kisha akafunua kitambaa. Akayatazama mayai. Akaitazama jibini. Nimewaona watu wengi wakipokea habari mbaya hospitalini, na uso ule niliujua kabla hajatamka neno.

"Haya," akasema. "Kwa hiyo ndivyo alivyoamua."

"Ni zawadi kidogo tu..."

"Mwambie nimeelewa." Akanirudishia bakuli na vilivyomo. "Safari njema."

Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza, na hilo liliniuma zaidi. Nilisimama kizingitini na mayai yangu. Nilibisha tena. Nilisikia redio ikiongezwa sauti.

Chini ya paa la nguzo: naelezwa

Nilirudi kwa Maureen kwa kuwa sikumjua mtu mwingine. Alinipa kiti na chai ndani ya kikombe cha bati, akasubiri nimalize kulia. Ndiyo, nililia, andikeni.

"Hukuniacha nikuambie," akasema. "Mayai ungempelekea kwenye kikapu. Si ndani ya bakuli lao la pai."

Akanieleza. Zamani pale sokoni pai ziliuzwa ndani ya mabakuli yake. Unanunua Alhamisi, unakwenda nayo, mnakula nyumbani. Alhamisi inayofuata unakuja na bakuli limeoshwa, tupu, unaliweka juu ya meza ya mwuzaji. Husemi neno. Bakuli tupu ndiyo agizo lenyewe: tumekula, tunataka tena. Lakini kama umehamia kwa mwuzaji mwingine, au umegombana naye, unamrudishia bakuli lake lina mayai machache au siagi kidogo. Nalo ni la heshima, hakuna kutukanana. Maana yake, asante kwa yote, hatudaiani, mimi na wewe basi.

"Siku hizi hakuna anayefanya hivyo," Maureen akasema. "Ila waliokulia nyuma ya meza zile hawasahau."

Masikio yalinipigia kelele. Tupu, hata punje, rudia! Mama Edna alikuwa ametuma maneno yake ya mwisho kwa mdogo wake, mazuri kuliko yote aliyoyajua, na mimi kwa adabu zangu za Tala nikayageuza kuwa talaka.

Nilimpigia Achieng, muuguzi mwenzangu, aliyekuwa kwenye zamu.

"Mwende, usipanik," akaanza, na mtu akianza hivyo wewe panika. "Mama Edna leo amesumbuka na pumzi. Wamemwekea oksijeni. Yuko stable. Anauliza tu kama umefika."

"Umemwambia nini?"

"Nimwambie nini? Si wewe ndio unajua."

"Mwambie nimefika," nikasema. Ulikuwa ukweli, japo haukuwa wote.

Sikupanda basi la jioni. Maureen alinipa chumba cha binti yake aliyehamia mjini. Tulikaanga mayai yote kumi na mawili, tukala na jibini, sisi wawili na mumewe, kwa sababu nilitaka kilichomo ndani ya bakuli lile kitoke upesi. Kisha nikaliosha kwa maji ya moto mara tatu.

Mtaa wa Kondoo: Ijumaa

Saa tatu asubuhi kwa saa zetu nilikuwa mlangoni. Hilda alifungua dirisha la juu, akaniona, akataka kulifunga.

"Kosa ni langu!" nikapaza sauti. Mtaa wote ulisikia na sikujali. "Mayai ni yangu. Edna alinikataza."

Dirisha likabaki wazi nusu.

"Alisemaje?" akauliza. "Neno kwa neno."

"Alisema, mpelekee Hilda, likiwa tupu, usitie kitu ndani, hata punje. Akanifanya nirudie."

"Na wewe ukajibu?"

"Nikasema nimesikia."

"Halafu ukatia mayai."

"Kwanza nilitia mikate. Halafu tende. Halafu mayai." Nikamweleza kwamba kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, na kwamba mzee akikukataza kuleta kitu unaleta.

"Yaani ulimdanganya mgonjwa kitandani."

"Ndiyo."

Akachungulia chini. Nilikuwa nimeliinua bakuli juu ili aone ndani, na mikono ilikuwa imeanza kuniuma.

"Yale mayai yako wapi?"

"Tumeyala."

"Yote?"

"Yote."

Dirisha likafungwa. Nilihesabu moyoni mpaka nikapoteza hesabu. Kisha nikasikia komeo la mlango wa chini.

"Futa miguu," Hilda akasema.

Aliliweka bakuli katikati ya meza ya jikoni na akakaa mbele yake bila kulishika. Nilimwambia habari za Edna jinsi zilivyo: moyo, oksijeni, jinsi alivyogeukia dirishani. Nilimwambia anaogopa kufa hajasemeshwa. Hakulia. Aliinuka akafungua kabati la unga.

"Nilitaka kuwa mwalimu," akasema akiwa amenipa mgongo. "Unajua hilo?"

"Ameniambia. Kila mara huanzia hapo."

Mkono wake ukasimama kwenye mfuko wa unga. "Yeye anasema hivyo?"

"Anasema alikuibia."

Basi tukapika. Vidole vya Hilda vimepinda kwa baridi yabisi, havikandi tena, kwa hiyo aliniamuru mimi. Nilikunja mikono ya sweta kwa majivuno. Mtu anayepika chapati za harusi atashindwa na pai? Nikaukanda ule unga kwa nguvu zangu zote.

"Unauua!" akapiga kelele. "Unga wa pai haupigwi. Uguse kama hutaki wenyewe ujue umepita."

Tulianza upya. Nilijifunza kusugua mafuta kwenye unga kwa ncha za vidole, kumwaga maji baridi kijiko kimoja kimoja, na kuacha. Kuacha ndiko kulikonishinda. Nyama na vitunguu alivitia chumvi mwenyewe, kwa kiganja, bila kupima. Pai ilipokuwa ndani ya oveni alikaa karibu nayo.

"Nimeupikia mji huu mzima," akasema. "Wamekula mameya, wamekula wezi. Yeye hajawahi kuonja hata moja ya mkono wangu." Ndipo machozi yakamtoka, nami nikamwacha, nikakaa tu hapo pembeni kama tunavyokaa na mtu.

Ilikuwa pai ya watu sita. Nikasema nitabeba kipande. Nilisahau kwamba uwanja wa ndege wa Sydney hawakuachii hata tufaha.

"Hapana," Hilda akasema. "Utakula fungu lake hapa. Na tutaimaliza."

Tuliimaliza, wanawake wawili, tangu mchana mpaka jioni, kwa mapumziko. Alikwangua pembe kwa kijiko. Akaliosha bakuli yeye mwenyewe, akalifuta, akalizungushia gazeti na lile taulo la Edna.

"Mpelekee," akasema. "Tupu. Safari hii utatii?"

"Hata punje," nikasema. Nilikuwa nimeshiba kiasi cha kushindwa kuinama kumkumbatia.

Sydney: chombo kitupu

Uwanja wa ndege mbwa wao alinusa taulo akakaa chini. Ofisa akaniomba nifungue.

"Una chakula humu?"

"Hakuna."

Aligeuza bakuli, akalichungulia, akanichungulia mimi. "Umetoka Uingereza na bakuli tupu?"

"Tupu kabisa," nikamwambia, na katika maisha yangu sijawahi kuona fahari hivyo kwa kubeba chombo kisicho na kitu.

Mama Neema alinipokea Blacktown. Alipoliona alishika kichwa. "Bamekurudishia bure? Hata chumvi? Ile batu iko namna gani!" Alikuwa ameshanyosha mkono kwenye kikapu chake cha ndizi. Niliudaka mkono wake hewani. Ndiyo maana alininunia siku mbili, na leo nadhani ananielewa.

Sikulala. Nilikwenda moja kwa moja Quakers Hill. Kwenye korido sikumwuliza mtu chochote, kwa sababu nilikuwa naogopa jibu. Mlango wa mwisho ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kitandani na mpira wa oksijeni puani, amepungua, macho yako kwenye taulo.

Nilifunua nikamwekea mapajani. Alipitisha kidole ndani, akazunguka ukuta mzima polepole, akitafuta. Hakukuta kitu. Akazunguka tena.

"Amesema 'tena'," akanong'ona.

"Amesema 'tena', Mama Edna."

Alilia kwa sauti, mimi pia, Achieng akaja mbio akidhani kuna msiba. Baadaye nilimkiria yote: mikate, tende, mayai, mlango. Alicheka mpaka mashine ikalalamika.

"Na pai?" akauliza. "Ilikuwaje?"

"Nzuri. Chumvi imezidi kidogo."

"Kama ya mama," akasema, akafumba macho.

Jumapili nilipeleka unga. Jikoni walituachia meza moja. Mama Edna alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, mimi nikisugua mafuta kwa ncha za vidole na kuacha, yeye akitia chumvi kwa kiganja. Wazee saba wa korido yetu walikula, na mmoja aliyekuwa hajaongea tangu Pasaka aliomba cha pili. Mama Edna alikwangua pembe kwa kijiko mwenyewe. Nikaliosha, nikalifuta, nikamrudishia. Alilichungulia ndani, akalizungushia taulo, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Likizo yako nyingine," akauliza, "ni lini?"